Maoni ya Wahakiki juu ya Mchezo wa Zau

Mchezo mpya wa video ukitoka, wahakiki huupa alama kama mwalimu asahihishavyo mtihani. Je, alama hizo zatosha?

Tutazame Tales of Kenzera: ZAU, uliotoka Aprili 2024. Aliyeongoza kazi ya kuutunga ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, kwa kumkumbuka marehemu baba yake. Kijana Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti: amletee mizimu mikuu mitatu, naye amrudishie baba yake.

Wahakiki wengi waliisifu hadithi na muziki. Wengine walilaumu kuwa mchezo ni mfupi na mapigano hayana aina nyingi. Mimi naona lawama hizo ni za haki kwa atafutaye mapigano. Lakini mchezo huu waweza kusikilizwa kwa Kiswahili, jambo ambalo mhakiki asiyeijua lugha hawezi kulipima. Kwetu Kamembe, tunaosikia Kiswahili kutoka Bukavu ng'ambo ya Rusizi, ni jambo kubwa.

Fedha za mwanafunzi ni chache. Basi usisome alama tu. Soma sababu, kisha ujiulize: mhakiki huyu alitafuta nini, nami natafuta nini?