Chunusi, Manjano na Kizuizi cha Ngozi

Manjano, ambayo wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki wamejisinga kwayo pamoja na liwa tangu zamani, yana kiini cha rangi kiitwacho kurkumini, ambacho katika maabara huzuia kukua kwa Cutibacterium acnes, yaani bakteria wanaoishi katika vitundu vya vinyweleo na kuchochea uvimbe wa chunusi. Hata hivyo, bakteria wa kwenye kisahani cha maabara hawana ngozi ya kuwakinga, ilhali chunusi huanzia ndani ya kitundu kilichozibwa na mafuta na seli zilizokufa.

Tabaka la juu kabisa la ngozi, lenye seli zilizokufa zilizoshikamanishwa kwa mafuta, katika sehemu nyingi za mwili halizidi sana unene wa sehemu 2 za mia za milimita, lakini huzuia maji na molekuli kubwa. Kwa kawaida molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500, kipimo cha uzito wa vitu vidogo mno, hupenya kwa shida. Kurkumini ina daltoni 368 tu, na tatizo lake ni jingine: karibu haiyeyuki katika maji, hivyo manjano yaliyokorogwa kwa maji hukauka yakabaki chenga usoni, rangi ikashika na dawa isifike kunakohusika.

Ndiyo maana watafiti wengi hushughulikia kibebaji cha dawa kuliko mmea. Kimoja ni liposomu, kijifuko chenye kuta za mafuta zinazofanana na utando wa seli, kilichoelezwa na Mwingereza Alec Bangham katika miaka ya 1960. Kingine ni chembe zenye kipenyo cha nanometa mia kadhaa, nanometa ikiwa sehemu moja ya milioni ya milimita, ambazo ngozi inaposuguliwa huzama katika vitundu vya vinyweleo kuliko hata zilizo ndogo zaidi, jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Hapo mafuta yaliyoziba kitundu, ambayo ni sehemu ya ugonjwa, huwa njia ya dawa inayoyeyuka katika mafuta.

Mafuta ya mti-chai wa Australia yana sifa hiyo ya kuyeyuka katika mafuta kwa asili, na utafiti uliochapishwa huko mwaka 1990, uliohusisha wagonjwa 124, ulionyesha kwamba jeli yake ya asilimia 5 ilipunguza chunusi kama ilivyofanya dawa ya chunusi iitwayo benzoili peroksidi ya kiwango hicho hicho, ingawa ilichelewa kuanza kufanya kazi na madhara yake yalikuwa machache. Lakini yakikaa penye hewa na mwanga hufanyiza vitu vinavyoleta mzio, ambavyo kibebaji hodari kinaweza kuvipenyeza vilevile, na wauzaji wa krimu za mitishamba hulitaja hilo kwa nadra. Kwa sababu hiyo mafuta hayo huhifadhiwa katika chupa za rangi ya giza zilizofungwa barabara, wala hayapakwi kabla ya kuzimuliwa.