Kompyuta ikigoma, ihoji kabla ya kuilaumu Linux

Katika mazungumzo ya wiki hii napenda tuitazame kompyuta, hasa ile kompyuta ya zamani ambayo mwenyewe ameamua kuihamisha kutoka Windows kwenda Linux. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazina sifa za kupokea Windows 11. Mwenye mashine ya namna hiyo hujiuliza: je, anunue nyingine, au aweke Linux, ambayo hailipiwi?

Wanaochagua Linux huingia katika nyumba ngeni. Kiini cha mfumo huu kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na leo hutolewa kwa majina mengi, kama Ubuntu, Debian na Mint. Siku ya kwanza mambo huwa shwari. Siku ya tatu sauti haitoki, au waifai haionekani, au mashine inajizima yenyewe. Hapo jirani husema, "Si nilikuambia?" Fundi naye hutoa hukumu bila kufungua hata skrubu moja: rudisha Windows, au bodi kuu imekufa.

Sisi tunaoishi Bagamoyo hukumu ya namna hiyo inatugharimu. Kutoka hapa hadi Kariakoo ni kilomita 70 hivi. Kuna nauli, kuna siku nzima ya kazi inayopotea, na mara nyingine kuna fedha za kifaa ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari, mgeni wa Linux anapaswa kutafuta jibu la swali moja: ubovu uko katika kifaa chenyewe, au katika programu inayokiendesha?

Njia ya kwanza ya kujua ni kutazama ubovu unatokea wakati gani. Ukiwasha kompyuta, kwanza hujitokeza alama ya mtengenezaji, ndipo Linux huanza. Kama mashine inalia pi-pi, au skrini inabaki nyeusi hata ile alama isionekane, Linux bado haijaingia kazini, na kuilaumu ni kumsingizia mtu ambaye hakuwapo.

Hapa pwani, kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Kaole na Saadani, tuna mshtakiwa mwingine tunayemfahamu: hewa ya chumvi. Hewa hiyo hiyo inayokula mabati ya nyumba zetu huingia pia ndani ya kompyuta na kuweka kutu katika miguu ya zile kadi za kumbukumbu ambazo mafundi huziita ramu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Toa ramu, futa miguu yake taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, uirudishe hadi isikike ikikaa. Kama mashine hujizima baada ya muda ikiwa imepata moto, fungua utazame feni. Vumbi lililochanganyika na unyevu wa masika huganda kama ukoko na kuziba njia ya hewa.

Njia ya pili ni kutumia flashi. Linux ina sifa moja njema: inaweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kugusa chochote kilichomo katika diski. Washa mashine kwa flashi yenye toleo jipya, ujaribu sauti, waifai na skrini. Kifaa kikifanya kazi hapo, basi ni kizima, na tatizo liko katika mipangilio ya mfumo uliouweka. Kikikataa hata hapo, usikate tamaa bado. Huenda kimekufa, lakini pia huenda Linux haina draiva yake, yaani ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa.

Hapo ndipo unapoihoji mashine yenyewe. Fungua dirisha la amri, andika "lspci" kwa vifaa vilivyofungwa ndani, au "lsusb" kwa vile vinavyopita njia ya USB. Utaletewa orodha. Kadi ya waifai ikitajwa humo, maana yake umeme unaifikia na bodi inaiona, na mara nyingi kinachokosekana ni programu. Isipotajwa kabisa, shuku kwamba imelegea, imezimwa au imeharibika. Kisha amri ya "dmesg" hukuonyesha maelezo ambayo kiini cha mfumo kimeyaandika tangu mashine ilipowaka, na mara nyingi jina la kile kinachokosekana limo humo humo.

Tuchukue mfano wa waifai, ambayo huwasumbua wageni wengi. Tofauti na tulivyozoea katika Windows, draiva nyingi za Linux zimo tayari ndani ya kiini, hivyo hakuna haja ya kutafuta sidii ya mtengenezaji. Lakini kadi nyingine, kama baadhi ya zile za Broadcom, huhitaji pia programu ya kampuni ambayo masharti yake hayairuhusu kuchanganywa ovyo na programu huru. Debian, kwa mfano, ilianza kuweka programu za namna hiyo katika flashi zake rasmi za usakinishaji kwa toleo la 12, mwezi Juni 2023. Ukikwama, unganisha simu yako kwa waya wa USB, ruhusu itoe intaneti, upakue kinachohitajika. Na kabla ya yote hayo, andika "rfkill list". Pengine mkono uligusa kile kitufe cha kuzima mawimbi.

Sasa nitoe mfano mmoja nilioushuhudia hapa mjini. Mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi ana kompyuta yenye mifumo yote miwili. Linux huitumia kwa kazi za kila siku, Windows kwa ajili ya programu moja ya stakabadhi. Kila alipohamia Windows, saa ilikuwa nyuma. Fundi akabadilisha ile betri ndogo ya duara kama sarafu, na saa ikaendelea kukosea. Akaweka betri ya pili, mambo yakawa yale yale. Akamwambia ajiandae kununua bodi kuu.

Nilimuuliza swali moja tu: saa iko nyuma kwa kiasi gani? Akajibu, saa tatu kamili, kila mara. Jibu hilo lilitosha. Betri ikichoka, tarehe hurudi nyuma hata kwa miaka. Haichagui saa tatu kamili. Linux kwa kawaida huihifadhi saa ya mashine kwa wakati wa dunia, na Windows huihifadhi kwa wakati wa mahali. Tanzania tumetangulia wakati wa dunia kwa saa tatu. Mifumo miwili ilikuwa ikisoma saa moja kwa desturi mbili. Amri moja, "timedatectl set-local-rtc 1", ikawapatanisha, na bodi kuu yuko nayo mpaka leo.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote. Kama "dmesg" inataja "I/O error" mara kwa mara kuhusu diski, acha majaribio. Nakili kwanza mafaili yako mahali pengine, ndipo uipime diski kwa "smartctl". Kompyuta hununuliwa nyingine, lakini picha za marehemu na hesabu za duka hazinunuliwi.

Ukiamua kuomba msaada, usiseme tu "haifanyi kazi". Andika neno kwa neno ujumbe uliouona, jina la kifaa, na ulichobadilisha mara ya mwisho. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, ujumbe wa kiini cha mfumo bado huja kwa Kiingereza, na kuutafsiri kwa kukisia humpoteza anayetaka kukusaidia. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

Na katika kutengeneza, badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Anayebadili vitano kwa pamoja, mashine ikipona hatajua kilichoiponya, na ikigoma tena ataanza upya. Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.