KUPIMA DHAHABU KWA MAELFU YA TANI

Kila mnunuzi wa mahindi aijua kazi ya bambo. Hulichoma katika gunia, akatazama punje zilizotoka, na papo hapo akapata habari za gunia zima, maana punje za gunia moja hufanana. Watafutaji wa dhahabu nao wana bambo lao, nalo ni keekee yenye meno ya almasi, itobolayo mwamba na kutoa nguzo ya jiwe yenye unene wa mpini wa jembe. Nguzo hiyo husagwa na kupimwa, na kwa matundu mengi ya namna hiyo wajuzi hukadiria gramu za dhahabu zilizomo katika kila tani.

Lakini dhahabu si mahindi. Pengine imetawanyika kama vumbi, na hapo makadirio hayana taabu kubwa. Pengine imekaa madonge madonge ndani ya mishipa myembamba, na baina ya donge na donge hakuna kitu. Gramu 16 katika tani moja ni utajiri mkubwa, nazo zikikusanywa pamoja hazizidi ukubwa wa harage. Keekee ikiligusa harage hilo, mwamba utadhaniwa kuwa hazina. Ikipita kando kwa upana wa kidole, utadhaniwa mawe matupu.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia fedha nyingi kujenga mgodi, huchimbwa sampuli kubwa ya maelfu ya tani. Watu wengi hufikiri kuwa jibu lake hukata shauri. Mambo ya Brucejack, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, yaonyesha kuwa sivyo.

Mwaka 2013 kampuni ya Pretium ilichimba huko tani 10,000 hivi, mahali paitwapo Valley of the Kings, ikitazamia kupata wakia 4,000 za dhahabu. Makadirio ya mwamba yalikuwa yamefanywa na wajuzi wa Snowden, na kazi ya sampuli ilisimamiwa na wajuzi wengine, Strathcona. Hawa wa pili walikuwa na jina kubwa, kwani ndio waliofichua mwaka 1997 kuwa dhahabu ya Bre-X kule Indonesia ilikuwa ulaghai mtupu. Basi walipojiuzulu Oktoba 2013, wakisema kuwa makadirio ya Valley of the Kings hayakubaliki, bei ya hisa za Pretium ilianguka vibaya.

Ugomvi ulihusu namna ya kupima. Strathcona walitegemea mnara wa kugawia sampuli, ambamo mawe yaliyopondwa hupunguzwa mara nyingi hadi yabaki machache ya kupimwa. Snowden walitaka mawe yote yapite kinuni. Desemba ile kinu kilijibu: tani 10,302 zilitoa wakia 5,865. Kwa dhahabu ya madonge, nionavyo mimi, kinu ndicho cha kuaminiwa, kwa kuwa mnara unaweza kulipoteza harage lile lile lililoikosa keekee.

Hata hivyo, msomaji na aangalie kinu kiliulizwa nini. Kiliulizwa mawe yale yana dhahabu kiasi gani, basi. Hesabu ya mwaka 2014 ilisema kuwa mwamba wa kuchimbwa mahali pale ulikuwa tani milioni 13.6, zenye gramu 15.7 kila tani. Yaani katika kila tani 1,300 ilikuwa imejaribiwa moja tu, na zote zilitoka upande mmoja, ambako wachimbaji walikutana na mshipa tajiri walioupa jina la Cleopatra. Aliyepata mshipa wa namna hiyo amepata bahati. Hajapata bado kipimo cha mwamba mzima.

Tena wengi walishangilia kwamba dhahabu ilizidi matazamio kwa karibu nusu nzima. Mimi ningalitiwa wasiwasi na furaha hiyo. Matazamio yanayokosea kwa nusu kwa kupungua leo, yaweza kukosea vivyo hivyo kwa kuzidi kesho. Sampuli huthibitisha makadirio pale ambapo kila kipande cha njia ya chini kinatoa takriban kile kilichotabiriwa kwa kipande hicho hicho. Ikiwa kipande kimoja kimetoa mara kumi na vingine havikutoa kitu, jumla yaweza kupendeza sana na makadirio yakawa bado si sahihi.

Mgodi ulijengwa, na uzalishaji wa kibiashara ukaanza Julai 2017. Haukuwa mawe matupu hata kidogo: mwaka 2018 ulitoa zaidi ya wakia 376,000, na mwaka 2019 zaidi ya 354,000. Lakini mawe yaliyoingia kinuni mwaka huo wa 2019 yalikuwa na gramu zisizofika 9 kwa tani, na ili kuipata dhahabu hiyo ilibidi kusaga tani milioni 1.3.