Arobaini Ikiisha, Kazi Inaita

Pwani, mzazi hukaa ndani siku 40: anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, kazi nzito hagusi. Mfuko wa uzazi nao huchukua takriban wiki 6 kurudi ulivyokuwa. Aliyejifungua kwa upasuaji huhitaji muda zaidi.

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 akizaa mapacha. Akirudi kazini, ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Aidai bila haya.

Na mama lishe je? Hana mwajiri wala likizo. Asipowasha jiko, nyumbani hakuliki. Ndiyo maana wengine huinua masufuria ya wali mtoto akiwa hajafikisha hata mwezi.