Barabara Iliyojengwa Ili Ivunjwe

Sogeeni karibu, wanangu. Leo hakuna sungura wala zimwi. Leo nawapa habari za barabara iliyojengwa kwa fedha nyingi, ikashindiliwa, ikamwagwa lami ikameremeta, halafu walioijenga wakaamuru malori yaipitie usiku na mchana mpaka ibomoke. Ilipobomoka hakuna aliyefukuzwa kazi. Walifurahi, wakatoa madaftari, wakaandika.

Habari hizi ni za kweli. Zilitokea Marekani, katika jimbo la Illinois, karibu na mji mdogo uitwao Ottawa. (Ottawa ile kubwa ni mji mkuu wa Kanada, msije mkazichanganya kwenye mtihani.)

Mwaka 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga barabara kuu zenye urefu wa karibu kilomita 66,000. Kule kila jimbo lina idara yake ya barabara na wahandisi wake, na wahandisi hao walikuwa na ubishi wa siku nyingi. Lami iwe nene kiasi gani? Au tumwage zege? Na mharibifu hasa ni nani: lori, mvua au fundi aliyelipua kazi? Wenye malori walisema wanaonewa. Idara za barabara zilisema lori ndilo adui. Maneno yalikuwa mengi, ushahidi kidogo.

Jimbo moja lisingeweza kumaliza ubishi huo peke yake. Majaribio ya namna hiyo ni ghali mno, na hata kama lingepata jibu, jirani angesema, "Hilo ni jibu lenu, udongo wetu ni mwingine." Bahati nzuri majimbo yalikuwa na chama cha idara zao za barabara tangu mwaka 1914, kikijulikana kwa kifupi kama AASHO. Yalikuwa yameshajaribu kushirikiana kule Maryland na Idaho, kwa majaribio madogo zaidi. Sasa wakasema: tuchange, tufanye kubwa. Majimbo yakachanga, serikali kuu ikaongeza, watengenezaji wa magari na wenye kampuni za mafuta nao wakatoa chao, na jeshi likaleta askari wa kuendesha malori. Gharama yote ilifika dola milioni 27.

Hapa nataka mtulie kidogo, maana ndipo penye akili ya jambo lote. Kati ya wachangaji walikuwamo watu wenye maslahi yanayogongana. Mwenye kiwanda cha malori angependa jibu moja, mwenye barabara jingine. Kwa hiyo usimamizi wa majaribio haukuachwa mikononi mwa mchangaji yeyote. Ulikabidhiwa kwa watafiti wa Bodi ya Utafiti wa Barabara, iliyokuwa chini ya Chuo cha Taifa cha Sayansi. Wachangaji walikaa kwenye kamati, wakashauri, wakauliza maswali, lakini vipimo vilichukuliwa na wengine. Kama mmewahi kuona watoto wanagawana embe huku mmoja wao ndiye aliyeshika kisu, mnajua kwa nini.

Basi wakajenga njia sita za mzunguko, upande mmoja lami, upande mwingine zege. Kila mzunguko uligawanywa vipande vingi: hapa tabaka nene, pale jembamba, hapa kokoto nyingi, pale kidogo. Mzunguko mmoja haukupitishwa malori kabisa, ili waone jua, mvua na baridi vinafanya nini bila msaada wa gari. Mingine ilipewa malori, kila njia na uzito wake. Malori mazito kuliko yote yalibeba zaidi ya tani 13 kwenye ekseli moja. Kazi ya malori ilianza Oktoba 1958 ikaisha Novemba 1960. Fikirieni kazi ya wale askari: kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka, hawafiki popote! Mpaka wanamaliza, ekseli zilikuwa zimepita zaidi ya mara milioni 1.1.

Wahandisi walitaka pia kujua barabara mbaya ni ipi machoni pa msafiri. Wakawapakia watu garini, wakawapitisha kwenye barabara mbalimbali, na kila mmoja akatoa alama kuanzia 0 mpaka 5. Kisha wakalinganisha alama hizo na vipimo vya nyufa, viraka na mabonde ya matairi. Mimi napenda sana sehemu hii. Mtu aliulizwa mgongo wake umeonaje, na jibu lake likaingia kwenye fomula.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1959 yakaja na somo. Wakati wa baridi kali maji yaliyo ardhini huganda. Joto linaporudi yanayeyuka, udongo unalegea, na lori likipita juu yake barabara inatitia. Vipande vingi vilikufa katika wiki hizo.

Jibu kubwa kuliko yote lilikuwa hili. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka takriban mara 16. Chukueni kalamu: 2 mara 2 mara 2 mara 2. Ekseli inayotakiwa kubeba tani 10 ikibebeshwa 12, madhara yanazidi maradufu, kwa tani mbili tu za tamaa.

Mtauliza, na sisi huku? Kwenye barabara zetu hakuna barafu ya kuyeyuka, na ni kweli fomula za Illinois hazikutosha. Ndiyo maana kati ya mwaka 1971 na 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, Benki ya Dunia na serikali ya Kenya walishirikiana kupima barabara za Kenya zenyewe, za lami na za changarawe. Walipima namna zinavyochakaa, wakakusanya pia hesabu za wenye magari: mafuta, matairi, vipuri. Baadaye kazi kama hiyo ikafanyika Karibiani, Brazili na India, na kutokana nayo Benki ya Dunia ikatengeneza programu ya kompyuta iliyotumika katika nchi nyingi kuamua barabara ipi itengenezwe kwanza. Tanzania nayo ilitoa mwongozo wake wa usanifu wa barabara mwaka 1999, kwa kushirikiana na Norwei.

Marekani bado wanachanga. Karibu na Auburn, Alabama, kuna njia ya mzunguko ya kilomita 2.7 ambapo tangu mwaka 2000 majimbo hudhamini vipande vyao vya majaribio, na malori huzunguka mpaka leo. Minnesota wana barabara ya majaribio tangu 1994, iliyofukiwa vifaa vya kupimia joto, maji na mkandamizo. Ajabu moja ya mipango hii ni kwamba kipande kikiharibika mapema, habari zake hutolewa kama za kile kilichodumu. Jimbo jirani likisoma, halitarudia kosa.

Sasa, mkisafiri mkapita kwenye mzani kama ule wa Mariakani, mkaona foleni ya malori, msinung'unike pamoja na madereva. Hesabuni ekseli za kila lori. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa jumla, na si zaidi ya tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne.