Mtoto Akikataa Kulala Mchana, Tusimnyime Kivuli

Wahenga walinena: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Hekima hiyo yafahamika vyema na kila mama aliyewahi kumlaza mwanawe adhuhuri ili naye apate kuunyoosha mgongo. Lakini wahenga hao hawakutuachia neno kuhusu yule asiyetaka kulala kabisa, yaani mwana wa miaka mitatu ambaye hadi juzi alisinzia mara tu baada ya chakula cha mchana, na leo anapiga mateke mkekani akililia kutoka nje. Wengi hulidhania jambo hili kuwa dogo, la nyumbani tu. Ukweli ni kwamba linawahusu walimu pia, hasa wale wa Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla.

Mji wa Garissa umekaa ukingoni mwa Mto Tana, karibu sana na Ikweta, katika kimo cha mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Mahali kama hapa kailula si uvivu. Ni mapatano ya kale baina ya mwanadamu na jua. Kuanzia sala ya adhuhuri hadi karibu na alasiri, mwenye busara hutafuta kivuli cha mwarobaini au cha mgunga. Isitoshe, nyumba nyingi za mjini zimeezekwa mabati, na joto lililohifadhiwa humo mchana kutwa halitoki upesi jua likitua. Kwa sababu hiyo watoto hukawia kulala usiku, na alfajiri nyumba nzima huwa imeamka.

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto wa miaka mitatu anayelala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi amepata saa tisa tu. Ile saa moja iliyopungua ndiyo kailula yake. Akiiacha, lazima ilipwe kwingine: alazwe saa mbili usiku badala ya saa tatu. Asipolipwa, deni hilo litadaiwa darasani.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walichapisha uchunguzi uliofanyiwa watoto 40 wa umri wa chekechea. Asubuhi watoto walifunzwa mchezo wa kukumbuka mahali picha zilipo. Siku waliyolala mchana walikumbuka vizuri zaidi, kwa kiasi cha asilimia 10, kuliko siku waliyozuiwa kulala, na usingizi wa usiku haukufidia hasara hiyo. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba walioumia kwa kukosa usingizi huo ni wale waliokuwa na mazoea ya kulala mchana. Waliokwisha kuacha hawakudhurika sana. Kutokana na hayo twapata mafunzo mawili: tusimpokonye usingizi anayeuhitaji bado, wala tusimlazimishe aliyekwisha kuuhitimu.

Tutawatofautishaje basi? Mtoto wa miaka miwili anayekataa kulala kwa wiki moja au mbili aghalabu bado hajahitimu. Huenda ameachishwa kunyonya, amepata ndugu mchanga, familia imehama, au amelewa furaha ya maneno mapya. Mzazi avumilie na aendelee kumlaza kwa saa ile ile. Lakini wa miaka mitatu au minne anayekataa karibu kila siku kwa majuma kadhaa, akabaki mchangamfu hadi magharibi, na ambaye akilala mchana hukesha usiku, huyo anaaga kailula kwa haki yake. Anayekataa adhuhuri kisha alasiri akalia bila sababu, akajikwaa ovyo, au akasinzia tonge li mkononi, huyo bado anahitaji usingizi, ingawa mwenyewe hajui.

Tatizo kubwa la Garissa, Wajir na Mandera ni kwamba wengi wa watoto hawa wana shule mbili. Asubuhi wako chekechea, na mchana au jioni wako duksi wakijifunza Kurani. Zote mbili ni njema, wala hapana anayetaka kuipunguzia yoyote heshima yake. Lakini mara nyingi kila moja hupanga saa zake kana kwamba nyenzake haipo, na katikati mtoto hupotezewa saa ya kupumzika. Akisinzia juu ya ubao wake wa Kurani huitwa mvivu, na kesho yake darasani huitwa mzito wa kuelewa. Kosa si lake. Ni letu sisi watu wazima tuliomgawana bila kushauriana.

Kuna pia desturi ya kumtisha mtoto ili alale. Huambiwa fisi yuko mlangoni, au Dhegdheer, lile zimwi la kike la hadithi za Kisomali, anakuja na sikio lake refu. Hadithi ni hazina, ila isigeuzwe fimbo. Mwenye hofu hufumba macho tu, halali. Na kwa upande wa fimbo yenyewe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imekataza adhabu ya viboko shuleni.

Dawa iliyopo ni nyepesi. Tuidumishe saa ya mapumziko, tuache kuushurutisha usingizi. Baada ya chakula na maji ya kunywa, mkeka utandikwe kivulini penye upepo, nguo zilegezwe, na sauti zishushwe. Anayelala alale, mradi aamke kabla ya alasiri. Asiyelala baada ya nusu saa apewe mchezo wa kimya, kama vile kupanga vijiti na vijiwe au kusikiliza kisa. Mwezi wa Ramadhani, nyumba zinapokesha kwa futari na daku, hata aliyekwisha kuacha aweza kuhitaji tena usingizi wa mchana. Asinyimwe.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Katika joto kali, si kila usingizi ni kailula. Mtoto aliyelegea, mwenye midomo mikavu, asiyetoa machozi alipo katika kilio, au ambaye ni vigumu kumwamsha, huenda amepungukiwa na maji mwilini. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Basi kaunti zinapojenga madarasa zikumbuke dari chini ya mabati, miti uani, maji na mikeka, kwani hivyo navyo ni vifaa vya kufundishia. Nanyi walimu, pamoja na wanafunzi wa ualimu mtakaokuwa walimu kesho, kaeni na mama wa mtoto na mwalimu wake wa duksi, mpange pamoja siku moja ya mtoto mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo huanza kwa kukubaliana ni saa ngapi mwana huyu ataachwa apumzike.