Je, Wajua? Shule Iliyomfuata Mtoto Porini

Sogea, msomaji, benchi lina nafasi. Leo tunakwenda Australia, ila si ile ya Sydney na maghorofa yake. Tunakwenda shamba, kwenye kondoo, vumbi na nzi, ambako jirani wa karibu yuko mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Sisi tumezoea mtoto kuifuata shule. Kule, mara nyingi shule ndiyo iliyomfuata mtoto! Haya, kaa vizuri, tunaanza.

Je, wajua kuwa lipo darasa lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3? Ni eneo la Shule ya Hewani ya Alice Springs, katikati ya Australia. Chukua Tanzania nzima, ongeza Uganda, kisha Rwanda na Burundi: zote zinaingia, na nafasi inabaki!

Je, wajua kuwa wanafunzi wa shule hiyo waliitikia majina yao kwa redio? Ilizinduliwa tarehe 8 Juni 1951, na matangazo yake yalirushwa kutoka kituo cha Madaktari Warukao, wale wanaowafuata wagonjwa wa porini kwa ndege. Mtoto aliye umbali wa mamia ya kilomita alibonyeza kitufe na kujibu swali la mwalimu, na wenzake wote porini wakamsikia akikosea. Aibu ya masafa marefu hiyo!

Je, wajua nani alileta wazo hilo? Adelaide Miethke, binti wa mwalimu, aliyezaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Manoora, Australia Kusini, na ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule. Aliona watoto wa ranchi wameshaizoea redio ya madaktari. Akajiuliza: kama redio inawatibu, kwa nini isiwafundishe?

Je, wajua kuwa redio za kwanza za porini zilitumia nguvu za miguu? Mwaka 1929 Alfred Traeger aliunda redio yenye pedali kama za baiskeli. Unakanyaga, umeme unazalishwa, mikono inabaki huru kutuma ujumbe. Ukichoka miguu, mazungumzo yamekwisha!

Je, wajua kuwa Madaktari Warukao walianza mwaka 1928 katika mji mdogo wa Cloncurry, Queensland? Mwenye maono alikuwa mchungaji, John Flynn, na ndege ya kwanza ilikodiwa kutoka Qantas, wakati huo kampuni changa. Miaka 29 baadaye, mwaka 1957, Nairobi nayo ikapata madaktari wake warukao. Hao unawafahamu: ndio AMREF.

Je, wajua kuwa mtoto wa ranchi alitibiwa kwa namba? Kuanzia mwaka 1942 familia za mbali zilipewa kasha la dawa ambamo kila dawa ina namba yake. Daktari anasikiliza kwenye redio, kisha anamwambia mama: mpe namba fulani, asubuhi na jioni. Hakuna kuhangaika na majina ya Kilatini.

Unashangaa? Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Tuendelee.

Je, wajua kuwa ranchi ya Anna Creek, Australia Kusini, ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000? Ni ranchi ya ng'ombe inayohesabika kuwa kubwa kuliko zote duniani. Unguja na Pemba kwa pamoja zinaingia humo zaidi ya mara tano. Sasa mwambie mtoto wa humo aende shule kwa miguu!

Je, wajua kuwa upo uzio wa kilomita zipatazo 5,600, uliojengwa kuwazuia mbwa mwitu waitwao dingo wasile kondoo? Safiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, rudi, nenda tena, rudi tena. Umechoka? Uzio haujaisha!

Je, wajua kuwa sungura wapatao 24 tu waliitia nchi nzima hasara? Thomas Austin aliwaachia shambani kwake, jimbo la Victoria, mwaka 1859, apate wa kuwinda. Wakazaana hadi Australia Magharibi ikalazimika kujenga uzio wa sungura wenye urefu wa kilomita 1,833, uliokamilika mwaka 1907. Vizazi vya watoto wa shamba vikapata kazi ya kutega sungura, nyama ya nyumbani na hela ya ngozi juu.

Je, wajua kuwa mwaka 1872 jimbo la Victoria lilitunga sheria ya elimu ya msingi ya bure, ya lazima na isiyofungamana na dini? Lilikuwa la kwanza Australia. Kila shule ya serikali ikapewa namba yake, na watu walioacha shule miaka 60 iliyopita bado wanaikumbuka namba hiyo. Wewe unakumbuka namba yako ya mtihani?

Je, wajua kuwa mwalimu mmoja aliweza kuwa na shule mbili? New South Wales ilikuwa na shule za nusu muda tangu miaka ya 1860: mwalimu anafundisha hapa, anapanda farasi, anakwenda kufundisha kule. Watoto wa huku wakibaki na kazi za nyumbani, wa kule wanaanza somo. Mshahara? Mmoja!

Je, wajua kuwa kuanzia mwaka 1908 jimbo hilohilo lilikuwa na shule za kusafiri? Mwalimu alikuja na gari la farasi lililosheheni hema, vitabu na ubao. Anasimamisha hema karibu na familia chache, anafundisha, anaacha kazi za kufanya, anakunja hema na kuhamia kwa wengine.

Je, wajua kuwa shule nyingine zilikuja kwa reli? Kuanzia mwaka 1923 Queensland iligeuza mabehewa ya treni kuwa madarasa ya upishi na ushonaji kwa wasichana, na ya useremala na ufundi chuma kwa wavulana. Behewa linaachwa stesheni kwa majuma kadhaa, watoto wanafundishwa, kisha treni inakuja kulivuta hadi mji unaofuata.

Je, wajua kuwa masomo kwa posta yalianza Victoria mwaka 1914? Mwalimu anafunga somo kwenye bahasha, mtoto anafanya kazi kwenye meza ya jikoni, na bahasha inarudi kusahihishwa. Msimamizi wa darasa ni mama, huku mkate uko jikoni na mdogo wa mwanafunzi analia. Walimu wa kweli wa elimu ya posta walikuwa wale akina mama!

Je, wajua kuwa shule za shamba zilikuwa na malisho ya farasi uani? Watoto wawili au watatu walipanda farasi mmoja, wakamfungulia asubuhi na kumtandika tena jioni. Hakuna cha kugombea daladala, ila wa nyuma kabisa ndiye huanguka kwanza!

Je, wajua kuwa mtoto wa miaka 13 au 14 aliweza kuajiriwa kufundisha? Aliitwa mwalimu mwanafunzi. Mchana anawafundisha wadogo, kabla au baada ya vipindi anafundishwa yeye na mwalimu mkuu. Wengine walianza hivyo na kufundisha hadi mvi.

Je, wajua kuwa Victoria ilianza mwaka 1862 kuwalipa walimu kwa kuangalia matokeo ya wanafunzi? Sehemu ya mshahara ilitegemea watoto wangapi wamefaulu mbele ya mkaguzi. Ebu fikiria: mkaguzi amekaa na daftari, mtoto anasoma kwa kigugumizi, na mwalimu anahesabu kimoyomoyo shilingi zinavyokwenda.

Je, wajua kuwa mwalimu kijana aliyesomeshwa na serikali alitia saini mkataba wa kufundisha popote atakapopangiwa, kwa miaka kadhaa? Akikataa, alipe gharama. Hapo ndipo msichana wa mjini aliposhuka stesheni ya vumbi na begi moja, kuripoti kituoni: shule ya mwalimu mmoja, madarasa yote chumba kimoja, na kuni za kukata ni juu yake.

Je, wajua alikolala? Mara nyingi alipanga chumba nyumbani kwa wazazi wa wanafunzi wake. Unamwadhibu mtoto saa nne asubuhi, saa mbili usiku mnakaa meza moja, na mama yake ndiye anayekupakulia. Nyama utapata kipande gani?

Je, wajua kuwa mwalimu wa kike aliyeolewa alipoteza ajira yake ya kudumu? Victoria haikuiondoa sheria hiyo hadi mwaka 1956. Na huko New South Wales, mshahara sawa na wa wanaume ulianza kuletwa kidogo kidogo mwaka 1959, ukakamilika 1963. Kazi ileile, farasi yuleyule, vumbi lilelile!

Je, wajua kuwa mtoto wa Kiaborijini aliweza kufukuzwa shule kwa sababu tu mzazi Mzungu amelalamika? New South Wales iliuanza utaratibu huo mwaka 1902, na ukabaki katika mwongozo wa walimu hadi mwaka 1972. Hapa, msomaji, tusicheke.

Je, wajua kuwa mwaka 1931 wasichana watatu wa Kiaborijini walitoroka kambi ya Moore River, Australia Magharibi, walikopelekwa baada ya kuchukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao? Molly, mkubwa wao, alikuwa na miaka 14 hivi. Waliufuata ule uzio wa sungura kurudi kwao Jigalong, safari ya kilomita zipatazo 1,600 kwa miguu; mmoja alikamatwa njiani, wawili wakafika. Uzio uliojengwa kuzuia sungura ukawa ramani ya kurudi kwa mama.

Je, wajua kuwa Australia ilikuwa na lugha zaidi ya 250 kabla ya Waingereza kuweka makazi mwaka 1788? Tanzania, na makabila yetu yote, tunazungumzia lugha mia na ushee. Mwaka 1973 baadhi ya shule za Jimbo la Kaskazini zilianza kufundisha kwa lugha ya mtoto pamoja na Kiingereza.

Haya, tupumue. Tunywe kitu.

Je, wajua kuwa sheria ya mwaka 1950 iliwapa watoto wa shule maziwa ya bure? Kila mmoja chupa ndogo ya theluthi ya painti, kama mililita 190, na krimu imepanda juu. Tatizo ni kwamba kreti ziliachwa nje juani hadi mapumziko. Waulize wazee wa kule: wapo ambao hadi leo hawagusi maziwa ya uvuguvugu!

Je, wajua kuwa watoto wa Australia huvaa kopo la aiskrimu kichwani? Majira ya kuchipua, ndege waitwao magpai hulinda viota vyao kwa kuwashambulia wapita njia kutoka nyuma. Mtoto anachora macho mawili makubwa kisogoni mwa kopo, analivaa, anapanda baiskeli, twende shule!

Je, wajua kuwa familia za jangwa la Nullarbor zilifanya manunuzi ndani ya treni? Iliitwa Chai na Sukari, ilibeba vyakula, bucha na mahitaji mengine hadi mwaka 1996, na kila mwaka mara moja ilimleta Baba Krismasi. Njia hiyo ina kipande kilichonyooka bila kona hata moja kwa kilomita 478!

Je, wajua kuwa jambazi mashuhuri wa Australia, Ned Kelly, alikuwa shujaa alipokuwa mwanafunzi? Mwaka 1865, akiwa na miaka kama 10, alimwokoa mtoto asizame mtoni huko Avenel. Familia ikamzawadia mshipi wa hariri ya kijani, na siku alipokamatwa, mwaka 1880, alikuwa ameuvaa chini ya deraya yake ya chuma.

Je, wajua aliyemharibia mipango siku hiyo? Mwalimu wa shule ya kijiji! Genge la Kelly lilikuwa limeng'oa reli karibu na Glenrowan ili treni ya polisi ipinduke. Mwalimu Thomas Curnow alimbembeleza Kelly amruhusu aende nyumbani, kisha akatoka usiku, akawasha mshumaa, akaukinga kwa skafu nyekundu, na kuisimamisha treni. Mshumaa mmoja!

Je, wajua kuwa Don Bradman, ambaye wengi humhesabu mpigaji bora wa kriketi wa wakati wote, alijifunzia uani katika mji mdogo wa Bowral? Alirusha mpira wa gofu kwenye kitako cha tangi la maji, ukamrudia ovyo, akaupiga kwa kijiti chembamba. Wastani wake wa mechi za kimataifa ni 99.94, na hakuna aliyeukaribia.

Je, wajua kuwa watoto wa shule na walimu wa Victoria walichanga pesa kujenga upya shule ya Villers-Bretonneux, Ufaransa, iliyobomolewa katika Vita vya Kwanza? Ilifunguliwa mwaka 1927. Waaustralia walikuwa wameukomboa mji huo Aprili 1918, na ukienda leo utakuta ukumbusho kwenye ua wa shule kwamba Australia isisahaulike.

Je, wajua kuwa noti ya dola 10 ya Australia ina sura ya mwalimu wa shamba? Ni Mary Gilmore, mshairi, aliyefundisha shule za vijijini na za machimboni, ikiwemo Silverton. Kisha, mwaka 1896, akafika hadi Paraguay, Amerika Kusini, kufundisha watoto wa walowezi wa kijamaa kutoka kwao. Upande wa pili yupo Banjo Paterson, mshairi mwenzake, aliyesoma shule ya porini huko Binalong.

Yaani noti nzima, mbele na nyuma, ni shule ya shamba! Sasa wewe, msomaji, kama benki kuu ingekupa nafasi leo, ungemweka mwalimu gani wa kijijini kwenu? Taja jina, halafu mpigie simu kama bado yupo.